Nesi wa rihabu ya moyo (kumrudishia nguvu mgonjwa wa moyo), hii kazi iko huku Malindi ama ni ya ng'ambo tu?

nesi_wa_barani

Asalam aleikum, na hamjambo wote. Mie ni nesi, nshamaliza diploma ya unesi (KRCHN) pale chuo cha KMTC na leseni ya baraza la manesi, NCK, ninayo, sasa hivi niko wodi ya wanaume kwenye hospitali moja ya kibinafsi hapa Malindi. Nina swali, na msinicheke.

Wodini tunapata wazee wengi wa moyo. Wengine ni presha ya miaka na miaka, wengine wamerudi kutoka India wamefanyiwa baipasi (upasuaji wa kupitisha damu njia nyengine) ama wamewekwa stenti (kibomba cha kufungua mshipa wa moyo), na wote naona mwisho wao ni mmoja, mtu akishapewa dischaji ndo basi. Anapewa karatasi ya dawa anaambiwa punguza chumvi, pumzika, bas anarudi nyumbani anakaa barazani mwaka mzima, ngazi anaziogopa, mkewe hamwachi hata kwenda msikitini kwa miguu, halafu miezi ikipita tunampokea tena miguu imevimba. Kuna Mtaliano mmoja kastaafu anaishi huku, nlikuwa nampima presha akanambia kwao alipowekwa stenti alikuwa anaenda mazoezi hospitali, nesi yuko naye anamwangalia mapigo akitembea, wiki baada ya wiki. Nikaanza kusoma soma nikaona kumbe ni kazi kamili, kuna manesi hawafanyi kitu kingine.

Sasa nauliza, huku pwani kazi hio iko? Na ikiwa iko nikasomee nini? Manake inchaji wetu nilipomgusia akanambia nenda ICU ama theta, chumba cha upasuaji, ndo kwenye jina, hayo ya kutembeza wazee si unesi ni kazi ya fisio, mtu wa mazoezi ya viungo. Nikanyamaza lakini haijaniingia. Na mwenzangu anajaza makaratasi ya Uingereza kila siku ananambia twende tu, hizo ndoto zako ziko huko. Mie nina mtoto mdogo na mamangu namwangalia, kuondoka si jambo la kuamua kwa siku moja. Nambieni ukweli jamani, sitaki maneno matamu.

kaka_mtwapa

Ng'ambo dadangu, jibu fupi ndo hilo. Huku utazeeka na mashine ya presha mkononi 😂

bi_inchaji_mstaafu

Waaleikum salam mwanangu. Mie nimefanya unesi mpaka nikastaafu, ICU nimekaa na kliniki ya presha nimekaa, hebu nikwambie vile nionavyo.

Hilo la "kutembeza wazee" nimelisikia tangu naanza kazi na silipendi hata kidogo. Chukua mtu aliyepata mshtuko wa moyo wiki tatu zilizopita. Sehemu ya msuli wa moyo imekufa inageuka kovu, anakunywa betabloka (dawa ya kupunguza kasi ya mapigo), aspirini, dawa ya kolestro, pengine na dawa ya mkojo ya kutoa maji mwilini, na sukari iko hapo hapo. Mtu huyo ukimwambia tembea haraka dakika ishirini, laweza kumponya na laweza kumwangusha. Nani atakayejua ni lipi? Ni yule anayesoma ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, akaielewa, anayejua maumivu haya ya bega si ya kulala vibaya, anayejua aliyepanda kilo mbili kwa siku tatu hajanenepa, ni maji hayo, na leo hafanyi zoezi lolote anaonwa na daktari. Na mtu akianguka, ni yule anayekandamiza kifua na kushika difibrileta, mashine ya kushtua moyo, bila kuanza kuuliza funguo za kabati ziko na nani. Hio kama si unesi basi mie sijui unesi ni nini.

Zamani walikuwa wanawalaza ujue. Kabla ya miaka ya 1950 mtu akipata mshtuko wa moyo huwekwa kitandani mwezi na zaidi, hata kula analishwa, wakiogopa moyo utapasuka. Wengi wakafa kwa damu iliyoganda miguuni ikapanda mapafuni. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, wakaandika kwamba wagonjwa wakalishwe kitini badala ya kulazwa chali. Kiti tu! Na wenzao waliwapinga kweli kweli. Baada ya kiti ikawa kutembea, baada ya kutembea ikawa mazoezi ya kupimwa, na leo tafiti zikikusanywa pamoja zinaonyesha kwa wanaopitia rihabu vifo vya ugonjwa wa moyo hupungua karibu robo, na kulazwa tena kunapungua. Sasa huyo mzee wako wa barazani anaambiwa apumzike, apumzike mpaka lini?

Na mazoezi si hata nusu ya kazi, wallahi. Kazi kubwa ni maneno. Umwambie mtu wa pwani apunguze chumvi, atakwambia mie chumvi siongezi mezani, kumbe kila siku ni ng'onda na papa mkavu, na moyo umeshalegea. Usimkataze samaki, mfundishe achukue wa leo wa mbichi, atie ndimu na pilipili. Nazi usimwambie aache kabisa hataacha, ataacha kuja kliniki. Ramadhani nayo, mtu anakunywa dawa mara mbili tatu kwa siku, wewe ndo wa kumwambia aende kwa daktari mwezi kabla, dawa zipangwe kwa daku na futari, na kama moyo wake hauruhusu funga aambiwe na mtu anayemheshimu, si kuachwa ajiamulie mwenyewe akaacha dawa ya mkojo kwa siku thelathini. Nimewaona wanaolazwa katikati ya mfungo.

Halafu kuna mambo ya ndani. Mwanamume hatakuuliza, atazunguka atakuuliza habari za ngazi. Mwambie kwa adabu, ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo mzuri bila kifua kuuma wala kukatika pumzi, mkeo usimkimbie. Na umuulize taratibu kama anameza zile dawa za nguvu za kiume, kwa sababu akiwa na kidonge cha kuweka chini ya ulimi cha kifua na akameza zile, presha hushuka hata ikamuua. Hili usiache kulisema kwa sababu ya haya.

Na kuna huzuni. Watu wapata mmoja kwa watano baada ya mshtuko wa moyo huingiwa na sonona yenyewe, si unyonge wa siku mbili. Kwetu atasemwa amekuwa mkali, ama ana jicho. Nesi anayemwona mara mbili kwa wiki ndo wa kwanza kuliona.

Kusoma sasa. Inchaji wako kuhusu ICU amesema kweli ila sababu yake ndo mbovu. Nenda ICU, ama kama kuna kitengo cha moyo ukipata nafasi ni bora zaidi, kaa hapo uione mistari ya monita mpaka uiote. Baadae fanya hayadiploma ya critical care, ya wagonjwa mahututi, ukiweza. BLS na ACLS, vyeti vya kuokoa aliyesimama moyo, ziwe hai kila wakati, zinaisha kila baada ya miaka miwili. Mimi tangazo la kazi lililoandikwa nesi wa rihabu ya moyo huku kwetu sijaliona, kwa hivyo usikae kulingoja.

fisio_kisauni

Salaam. Mimi ni fisio Mombasa, naona nimetajwa hapo juu bila kuitwa 😄

Dada, inchaji wako anakosea hapa tu: si kazi ya fisio wala si kazi ya nesi, ni ya wote na mtu wa lishe na daktari juu yao. Mimi najua msuli na kifundo na namna ya kupandisha zoezi, lakini mgonjwa akianza kubadilika rangi mimi pia nataka nesi awe pale. Kwa wenzetu mara nyingi anayeratibu yote ni nesi, manake ndiye anayejua dawa na ndiye anayepiga simu nyumbani.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba hii kazi haitaki mashine za mamilioni. Watu wakisikia rihabu wanawaza tredimili kumi na skrini. Kipimo cha kutembea dakika sita kinataka korido ya mita 30 isiyo na troli katikati, viti viwili, saa, mashine ya presha na oksimita ya kidole ya kupima oksijeni. Mgonjwa anatembea kwenda na kurudi dakika sita awezavyo, akichoka anasimama, unahesabu mita. Unamrudia baada ya wiki kadhaa, akiwa ameongeza mita 30 hivi hio ni nafuu ya kweli na yeye mwenyewe anaiona, na mwanamume wa Kimijikenda au Mswahili ukimpa namba ya kushindana nayo atakuja kila siku.

Halafu jifunze skeli ya Borg, inaanza 6 inaishia 20. Unamuuliza unajisikiaje, 6 ni kama amekaa, 20 ni mwisho wa uwezo, sisi tunamtaka kwenye 11 mpaka 13 hivi, yaani anatembea anatokwa jasho kidogo lakini anaweza kuzungumza sentensi nzima. Kwa asiyetumia betabloka ile namba ukizidisha kwa kumi inakaribia mapigo yake. Lakini wa betabloka mapigo hayapandi vile, ukimfuata kwa mapigo peke yake utamsukuma mpaka umdhuru, ndo maana unamuuliza na unamwangalia uso.

Presha kabla hajaanza, sisi namba ya juu ikizidi 180 ama ya chini ikizidi 100 hafanyi siku hio. Kifua kikiwa kinauma akiwa amekaa hafanyi. Homa hafanyi. Na wa baipasi, lile kifuani ni mfupa umekatwa ukafungwa waya, unataka wiki nane mpaka kumi na mbili kushika sawasawa, kwa hivyo hakuna jerikeni la maji, hakuna kujivuta kwa mikono kupanda mashua, hakuna kubeba mjukuu. Hili la mjukuu wanalikataa wote.

Kuhusu pesa: SHA, bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024 na kila mtu anakwambia hili linalipwa lile halilipwi. Usipange kliniki yako kwa kutegemea malipo ambayo hujayaona kwa maandishi. Anza na kitu ambacho hata kisipolipwa hospitali haipati hasara.

mswahili_birmingham

Nimekuwa nikisoma kimya lakini hili limenigusa. Mie ni wa Malindi hapo, Shela, na kazi hio ndo naifanya huku Uingereza.

Nikwambie ukweli kama ulivotaka. Mwenzako anayekwambia twende ukafanye ndoto zako hajakwambia mpangilio. Ukija huku unaanzia Band 5, daraja la kuanzia la nesi, wodini kama kila mtu, haijalishi Kenya ulikuwa nani. Kabla ya kuja ni NMC, baraza lao la manesi, mtihani wa kompyuta kwanza, Kiingereza IELTS ya 7 na kuandika wanakubali 6.5, ama ufanye OET, mtihani wa Kiingereza cha watu wa afya, halafu ukifika ndo OSCE, wanakusimamisha na mgonjwa wa kuigiza wanakuangalia. Kenya na Uingereza walitia saini makubaliano ya manesi 2021 kwa hivyo ajenti wa mtaani anayekuomba laki mbili za "kuwekewa nafasi" mkimbie.

Kazi za rihabu ya moyo nyingi ni Band 6, daraja la juu yake. Wanataka mtu aliyekaa kitengo cha moyo, anayesoma ECG, anayeweza kusimama mbele ya watu kumi akawafundisha. Na nafasi si nyingi, kwa sababu manesi wakishaingia huko hawatoki, ni kazi ya mchana, Jumamosi Jumapili uko nyumbani. Mie nilikaa wodini nikangoja mpaka ikafunguka moja.

Kazi yenyewe ni hivi. Mgonjwa akitoka hospitali tunampigia simu ndani ya siku chache, anakuja tunamkagua, tunamuuliza anataka nini (mmoja alinambia nataka kubeba masanduku ya kaka yangu siku ya harusi, hakutaka kingine), halafu anaingia kwenye darasa. Na darasa hilo usifikirie ni hospitali, sisi tunatumia ukumbi wa kanisa! Viti, kanda za mpira, ngazi moja ya mbao, redio. Kupasha mwili dakika kumi na tano nzima, hatuharakishi hapo, manake moyo uliowekwa stenti ukiushtua ndo unapata mapigo ya ajabu. Katikati wanazunguka vituo. Mwisho kupoza mwili dakika kumi, na hakuna anayeondoka mara moja, wanakaa wanakunywa chai sisi tunawaangalia, kwa sababu presha hushuka baada ya zoezi na mtu aweza kuzimia akiwa kwenye gari.

Lakini jueni na huku si peponi. Karibu nusu tu ya wanaostahili ndo wanaokuja. Wanawake huja wachache kuliko wanaume, wana wajukuu wa kuangalia, wana aibu ya kuvaa raba. Mama mmoja wa Kisomali alikataa kabisa mpaka tulipoweka saa ya wanawake peke yao. Mambo ambayo ukianzisha Malindi utayajua kabla sijakwambia.

Kama ningekuwa wewe na mtoto mdogo nisingeondoka mwaka huu. Ningefanya ICU hapo hapo, na kuna cheti cha mtandaoni cha ICCPR, lile baraza la kimataifa la kinga na rihabu ya moyo, kimetengenezwa kwa kufikiria nchi zisizo na vifaa vingi. Ukija huku baadae unacho, usipokuja unacho. Marekani wana vyeti vyao, kile cha moyo na mishipa cha shirika la manesi ANCC wanataka uwe nesi miaka miwili na masaa 2,000 ya kazi hio kwanza, hio iache mpaka uamue kwenda huko.

kaka_mtwapa

Kumbe kuna band na kanisa. Nimejifunza leo.

mtu_wa_faza

Nduzangu miye si nesi, ni mvuvi, lakini hili linanihusu mno na naona mwazungumza wazee tu wa baipasi.

Dadangu mdogo ana vali ya chuma moyoni. Utotoni alikuwa akiuma koo kila mara, twampa maji ya chumvi na asali, akawa avimba magoti, bas ikafika akiwa kigori hawezi kupanda kutoka gatini hadi nyumbani. Daktari akasema ni ule ugonjwa wa koo ulioshuka ukala vali za moyo. Akatengenezwa Nairobi. Twashukuru, yu hai, lakini tuliporudi Faza hatukuwa na mtu wa kumuuliza kitu.

Yuwala warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kila mara sharti apimwe damu ile INR, kipimo cha damu yaganda vipi, na kupima ni mashua mpaka Amu, kusi likivuma baharini hakuendeki. Mara damu nyepesi sana yuwatoka ufizi, mara nzito. Tukaambiwa aache mboga za majani, akaacha kabisa miezi, kisha mtu mwengine akasema ale. Akaolewa, ikawa swali la mtoto, na hakuna aliyetwambia warfarini na mimba vina mambo yake mpaka alipokuwa keshabeba. Alhamdulillahi walimbadilishia dawa kwa wakati.

Kwa hivyo dadangu nesi, ukisoma mambo haya usisome ya wazee wa Kitaliano peke yake. Huku kwetu kuna vijana.

bi_inchaji_mstaafu

Mtu wa Faza, Mungu amlinde dadako. Na umesema jambo ambalo hata vitabu vyao vinalipitia mbio, kwa sababu kwao huo ugonjwa wa vali za utotoni umekwisha karibu wote, kwetu bado. Hebu nikujibu la mboga hapa wengine wasome. Hatakiwi kuacha mchicha wala kisamvu wala sukuma. Anatakiwa ale kiasi kile kile kila wiki, kipimo kisipande kisishuke, kwa sababu vitamini K ya majani ndo inayovutana na warfarini. Akila leo sahani mbili na mwezi mzima asile, ndo INR inacheza. Vali ya chuma daktari huweka lengo lake, kwa wengi ni kati ya 2 na 3, ikiwa ni vali ya mitral, moja ya vali za upande wa kushoto wa moyo, hupandishwa mpaka 2.5 na 3.5. Aulize lengo lake ni lipi aliandike kwenye kitabu. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na brufeni asiguse, na dawa za miti shamba aseme kila anachokunywa. Na akienda kung'olewa jino aseme ana vali kabla hajafungua mdomo.

Nesi wa Barani unaona sasa. Huyu msichana kutembea hakumshindi. Anachohitaji ni mtu mmoja anayejua jina lake, anayejua INR yake ya mwisho na anayepokea simu.

nesi_wa_barani

Wallahi nimesoma yote, mengine nimesoma kwa sauti kwenye nait hii. Mtu wa Faza shukran sana, umenifungua macho, na wodi ya wanawake pale kwetu wako wasichana wawili wa hivyo hivyo nlikuwa siwahesabu kwenye hili.

ICU nimeshaomba uhamisho, inchaji amefurahi anadhani nimemsikia yeye 😅 Lakini ICU ni mwaka, miwili, mitatu, na hawa wazee wanatolewa kila wiki. Je, naweza kuanza kitu sasa hivi bila cheo wala bajeti, ama ni hatari nisijifanye najua? Mtu akianguka mikononi mwangu leseni ndo yangu.

fisio_kisauni

Hatari iko ukianza na mazoezi. Usianze na mazoezi. Anza na mlango wa kutokea wodini.

bi_inchaji_mstaafu

Fisio amesema. Leseni yako kwanza, usifanye lolote bila daktari kuweka sahihi. Lakini dischaji ni yako, mafunzo ya mgonjwa ni yako, hakuna atakayekuuliza kwa nini umekaa na mgonjwa dakika ishirini badala ya tano, labda inchaji.

Mimi ningefanya hivi. Mgonjwa wa moyo bado yuko wodini, daktari ameruhusu atoke kitandani, mkalishe, msimamishe, mtembeze korido ukiwa ubavuni, pima presha na mapigo kabla na baada, andika kwenye faili. Hio peke yake ndo hatua ya kwanza ya rihabu na inafanywa wodini duniani kote. Siku ya kutoka mwite mkewe, au mwanawe, yule anayepika, si yule anayelipa. Dawa moja moja, hii ni ya nini, ukisahau ufanye nini. Mzani: ajipime kila asubuhi akishakojoa kabla hajala, aandike ukutani. Kama mzani hana, aangalie viatu vimeanza kubana na mito ya kulalia imeongezeka usiku. Dalili gani ni za kwenda hospitali usiku huo huo. Kutembea nyumbani daktari akiruhusu, dakika tano tano asubuhi na jioni jua likiwa limepoa, kila siku chache aongeze kidogo, mwendo wa kuweza kuzungumza. Malindi ni tambarare, hio ni neema, anatembea tu mpaka baharini akarudi.

Halafu namba yake ya simu, umpigie wiki ya kwanza. Ukifanya hivo kwa wagonjwa kumi, ukaandika waliorudi kulazwa na wasiorudi, unamwendea daktari na karatasi mkononi. Watu wa hospitali za kibinafsi wanasikia karatasi.

mswahili_birmingham

Na ukipiga simu uliza sigara na muguka (yale majani ya kutafuna kama miraa) waziwazi, usiseme "unatumia chochote?" watasema hapana. Muguka hupandisha presha na mapigo, kwa moyo ulio na kovu si mchezo. Magavana walijaribu kuipiga marufuku Mei 2024 Mombasa na Kilifi, mahakama ikasimamisha, kwa hivyo kuiacha kumebaki kwa mtu mwenyewe na nesi wake.

Skeli ya Borg kwa Kiswahili ninayo niliyojitengenezea kwa ajili ya wamama wa hapa, ukitaka nakutumia. Ila Kiswahili changu cha 13 ni "yaanza kuwa kazi" sijui kama kitaeleweka Malindi.

fisio_kisauni

"Yaanza kuwa kazi" ni nzuri kuliko ile tunayotumia sisi. Itume hapa hapa tuipige msasa, 17 weka "siwezi kuongea niache".

nesi_wa_barani

Itume dada tafadhali. Daktari wetu yuko raundi Alhamisi, namuuliza kuhusu kutembeza korido, yule mzee wa kitanda cha dirishani ndo ntaanza naye daktari akikubali, mkewe anakuja kila siku saa kumi.

kaka_mtwapa

Mie nimerudi. Babu yangu presha iko na anakula muguka kama mbuzi, huyo anaingia kwenye hio rihabu?

bi_inchaji_mstaafu

Babu yako apelekwe kliniki ya presha kesho, si kesho kutwa. Na umpeleke wewe.